Chale Zangu Zimeamka Kwenye Waya

Jamani, leo sina uso. Hata huu nilionao sasa ni wa kuazima.

Mnalijua goti langu la kulia, lililoharibikia kwenye kupulizia pamba. Vidonge vimeshindwa. Dada wa mazoezi tiba hapa Bariadi anasema maumivu yamejificha ndani sana, kwa hiyo atasukuma dawa kwa umeme. Kitambaa chenye dawa mbele ya goti, kingine cha maji nyuma, waya mbili, kiboksi cha betri. Umeme unaisukuma dawa ipite kwenye ngozi bila sindano. (Nimeeleza nilivyoelewa. Niliishia darasa la saba, msininukuu.)

Shida ni kwamba Jumamosi nilikwenda Kiloleli kwa mganga, bibi mmoja mpole, akanichanja chale nyuma ya goti hilohilo. Akapaka dawa nyeusi, akasema: "Hii haipendi mwenzake. Ikikutana na nyingine itaniita, nami nitakuja."

Jumapili, mimi mzee wa kanisa, nikasimama kukemea wanaokwenda kwa waganga. Mke wangu alipiga makofi kuliko wote.

Na leo mke wangu alikuwa kwenye benchi, nje ya pazia.

Dada akauliza, "Baba, una kidonda au mchanjo wowote mguuni? Umeme hukimbilia hapo, utaungua."

"Sina."

"Nyuma je? Geuka nione."

"Huko natekenyeka, binti yangu! Nipe kitambaa nibandike mwenyewe."

(Kwa haki: aliuliza mara mbili. Kosa si lake.)

Akawasha. Mbele nikasikia kama sisimizi. Nyuma, chale ya kwanza ikaamka. Naapa, iliamka! Kisha ya pili. Moja moja, kama kuna mtu anazihesabu kwa ukucha wa moto. Pazia likatikisika, na dirisha limefungwa. Nikajisemea ni woga. Labda ulikuwa woga.

Halafu sauti, nyuma ya pazia, taratibu, ikitoa salamu ya asubuhi ya Kisukuma: "Mwangaluka."

Sauti ya bibi wa Kiloleli.

Niliruka! Waya zikang'oka, kiboksi kikalia, nikatoka na pazia lote kichwani nikipiga kelele: "Bibi, nisamehe! Sikujua dawa yako ina wivu! Njoo uzitoe chale zako!"

Nilipofunuliwa, benchi zima linanitazama. Bibi huyo hapo, kashika bega lake bovu. Naye kaja kusukumiwa dawa.

Mke wangu akatazama nyuma ya goti langu. Akamtazama bibi. "Mwangaluka, mayu," akaitikia kwa heshima zote, kama anamwamkia mama yake. Kisha akanigeukia: "Mzee wa kanisa, pazia la watu hilo. Rudisha."

Dada akanipaka dawa ya kuungua. Akamuuliza bibi, "Na wewe mama, una chale begani?"

"Sina. Mimi nachanja wengine."

"Lakini siku yako si kesho?"

Bibi akautazama mguu wangu. "Nimeona nije leo."

Pengine alikosea siku. Watu hukosea siku, sitaki kumsingizia.

Jumapili zamu ya kutoa neno ni yangu tena, na mke wangu ameshasema atakaa mbele kabisa. Atakayecheka, goti hili nampa, pamoja na chale zake.