Marufuku ya Kuoza Msituni

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba kuanzia sasa ni marufuku kitu chochote kuoza ndani ya msitu ulio juu ya kijiji cha Oldeani.

Tangazo hilo nililiandika mimi, msemaji wa Idara ya Unadhifu wa Misitu, na ninalionea fahari. Chanzo chake ni Laurencia, mtafiti wa udongo, aliyemweleza Mkurugenzi wetu, Bwana Thadei, kwamba bakteria wa msituni wanachapa kazi.

"Wanatoa vimeng'enya vinavyolainisha majani makavu mpaka yawe mboji," alisema. "Mboji ndiyo inayofanya udongo unywe mvua."

Mkurugenzi alikunja uso. "Yaani majani ya serikali yanaoza, na wewe unafurahi?"

"Yasipooza, Mkurugenzi, msitu utakufa njaa."

"Mgeni rasmi anakuja kutoka makao makuu. Akanyage uozo?"

Kikao kikakaa, kikaazimia kuwaondolea bakteria vishawishi. Vibarua walifagia majani yote na kuyatupa korongoni, ardhi ikabaki inang'aa kama sakafu ya benki. Laurencia alipima tena, akaripoti kwa huzuni kwamba utendaji wa vimeng'enya umeporomoka. Tulipiga makofi. Hata watumishi tunaowaona hawajawahi kututii namna hiyo.

Mvua ikanyesha. Udongo mtupu haukuinywa, ukaporomoka nayo hadi kwenye chemchemi, na mabomba ya Oldeani yakatoa maji mazito kama uji wa ulezi. Watoto wakaanza kuharisha. Mama Brigita, mkulima wa kahawa ambaye mjukuu wake alikuwa amelazwa, alikuja ofisini na ndoo.

"Baba, haya ndiyo tunayokunywa."

"Mama, hayo yameboreshwa. Yana madini," Mkurugenzi alimjibu kwa upole, nami nikatoa tamko rasmi la kuthibitisha.

Mama Brigita alituangalia mmoja mmoja. "Sawa, baba. Tumesikia."

Siku ya ugeni, akina mama wa Oldeani walijitolea kupika chai. Tulisifu ukomavu wao. Mama Brigita alimimina mwenyewe, kwa adabu zote, akianzia meza kuu. Mgeni rasmi alionja, akatema kwenye leso.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni maji ya bombani kwetu, baba. Mkurugenzi anasema yana madini."

"Ni kweli, Thadei?"

Kukataa kungekuwa kukanusha tamko la Idara mbele ya umma. "Ni kweli, mheshimiwa."

"Basi kunywa."

Alikunywa. Uso wake haukubadilika, na huo ndio uongozi. Kikombe kilipobaki na tope tupu, akashukuru, nami nikaandika shukrani zake.

Mgeni rasmi alitazama tope lililobaki kikombeni. "Kesho mtayarudisha majani yote msituni, kwa mikono yenu wenyewe," alisema. Kisha akamgeukia Mama Brigita.

"Mwongeze, mama. Na huyu anayeandika, mpe kikombe kikubwa."