Sentensi Tatu Zilizomtoa Mwalimu Nyumbani

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Hadithi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeshiba, maana ninayokuandikia si ya kusomwa na mtu mwenye njaa. Mimi ni yule mama dobi wa kona ninayekuletea hadithi fupi sana tangu mwaka jana. Huenda hunikumbuki. Hadithi zangu ni rahisi kupotea mezani, hilo nalikubali. Ila sasa kuna mume wa mtu amefukuzwa kwake kwa sababu yako, na kabla sijakuomba umrudishe, niruhusu niyapange malalamiko yangu.

1. Nilipokutumia hadithi yangu iitwayo "Mjane", ulinijibu kwa adabu kwamba mmepokea muhtasari na mnasubiri hadithi yenyewe. Nikaituma tena, nikaandika juu yake kwamba hii ndiyo yenyewe. Ukajibu kwamba inaelekea kurasa nyingine zimepotea njiani, ukanishauri siku nyingine nitumie bahasha imara. Ndugu Mhariri, barua yako ya kunikatalia ilijaza ukurasa mzima. Kwa nafasi hiyo ningeandika maisha yangu yote na wewe ukabaki na mahali pa kutia sahihi. Ili usiseme nakusingizia, hadithi naiweka hapa kwa mara ya tatu, yote, haijapungua kitu:

Mjane
Shati lako nimelifua leo. Harufu yako imetoka na maji. Laiti ningaliliacha chafu.

2. Usidhani nilikaa kitako. Nilitafuta pengine pa kuichapisha mpaka viatu vikaomba msamaha. Jirani yangu kinyozi alikubali niibandike kwenye kioo chake. Wateja wakawa wanainama mbele kuisoma huku wembe uko shavuni, na siku mhasibu mmoja alipotoka na sharubu za upande mmoja, kinyozi akaibandua. Mtangazaji wa redio aliisoma vizuri kabisa, kisha akasema tutaendelea baada ya matangazo. Baada ya matangazo hakukuwa na cha kuendelea nacho. Watu wakapiga simu kudai sehemu iliyobaki, naye akawawekea muziki mpaka zamu yake ikaisha. Mpwa wangu akaituma kwenye kundi la simu la ukoo. Shangazi akauliza msiba uko wapi, mabinamu wakaandika pole, na mjomba mmoja akapanda basi kuja kuzika. Nilimpokea kituoni nikamwambia ni hadithi tu. Mpaka leo amenuna.

3. Ndipo nikaingia mifukoni. Kwangu kila nguo hubanwa kikaratasi kwa pini kwenye kola, kimeandikwa jina la utani la mwenyewe, ili shati la Bonge lisiende kwa Njiti. Kikaratasi kina upana wa vidole viwili. Wewe ungekiona kidogo, mimi nilikiona ukumbi. Nikimaliza kupiga pasi, naandika hadithi kwenye kikaratasi kipya na kukitia mfukoni, kimyakimya, bila kumtoza mtu. Mkunga akaanza kuleta sare ambazo hata hazijavaliwa. Dereva wa lori alirudisha koti akilalamika kwamba mfuko wa kushoto ulikuwa mtupu. Sina hakika kama ukurasa wako umewahi kupata lalamiko la namna hiyo.

4. Sasa nafika kwa Mwalimu wa hesabu. Ana shati jeupe lenye mfuko mmoja, na kwa kuwa "Mjane" ni hadithi ya shati, niliona imepata mahali pake. Bahati mbaya mkewe, ambaye siku zote namwita wifi, ni fundi cherehani, na hakuna mshono unaoingia nyumba ile bila yeye kuukagua. Alikikuta kikaratasi kabla ya mumewe. Mwalimu akajitetea kwamba ni hadithi. Wifi akasema hadithi anazozijua yeye zina mwanzo, zina mwisho na zina sungura, hii ina harufu ya mume wake. Mwalimu, akidhani anajiokoa, akamwonyesha kichwa cha hadithi. Wifi akakisoma, kisha akauliza ni mjane gani.

Hapo ningekwenda kumtetea, Ndugu Mhariri, ila mimi mwenyewe ni mjane. Na mwandiko ni uleule ulioko kwenye kola za nguo zao zote. Mwalimu akatolewa nje na mswaki wake, pamoja na maneno haya, ambayo ameninukulia bila kupiga chuku: "Kama ni hadithi, itakuwa gazetini. Niletee gazeti, nitakufungulia mlango."

Gazeti lenyewe ni lako. Umeona sasa kwa nini nasema ni kwa sababu yako.

5. Nguo za Mwalimu zote zilikuwa kwangu zikisubiri pasi. Akaja kuzifuata, akabaki nazo. Analala kwenye benchi la wateja, nami jioni nafunga na kwenda kulala kwa dada yangu, jambo ambalo nimelitangaza kwa kila mtu mwenye masikio. Halikusaidia. Mtu aliyefukuzwa kwa ajili ya mjane sasa anaishi dukani kwa mjane, na mtaa huu hauhitaji kupewa chumvi, unayo ya kutosha. Isitoshe anasahihisha madaftari juu ya meza yangu ya pasi. Juzi karani wa benki ameondoka na alama ya kosa ya wino mwekundu mgongoni, na amewahudumia watu kutwa nzima akiwa hivyo. Nilitaka kumfukuza Mwalimu siku hiyohiyo. Lakini nikiwa nafunga nilimwona amesimama dirishani akiangalia nyumba yake ng'ambo ya barabara, taa ya cherehani ikiwaka, na hakuondoka pale mpaka ilipozimwa. Nilimhurumia sana. Nikamwachia mto.

6. Kwa hiyo nadai yafuatayo. Uichapishe "Mjane" Jumapili hii. Nafasi unayo: pembeni ya tangazo la godoro, pale miguuni pa yule bibi anayelala akicheka, pamekaa patupu miaka yote. Au chini ya utabiri wa hali ya hewa, ambao nao ni hadithi ya kutunga, nao ni mfupi, na sijasikia ukiuambia kwamba kurasa zake zimepotea njiani. Juu yake weka neno HADITHI kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyekasirika. Ikikushinda, njoo wewe mwenyewe umweleze wifi, na usimame mbali na mkasi. Ikikushinda na hiyo, mchukue Mwalimu ukakae naye. Ana heshima, hachagui chakula, ila anakoroma mpaka vining'inizo vya nguo vinagongana.

Mwisho nadai utangaze kwa wasomaji wako wote kwamba hadithi ikiisha imeisha. Yangu ina sentensi tatu kwa sababu hakukuwa na ya nne. Mwandishi asilazimishwe kuongeza maji, na anayetaka zaidi arudie kusoma.

Wasalimie wapangaji wa kurasa, yule dada wa simu, na mlinzi wa getini aliyeipima bahasha yangu mkononi akaniuliza kama nimesahau kutia kitu. Wasalimie pia wa nyumbani kwako. Kama una shati lenye mfuko, karibu sana.

Mimi, kwa maji na sabuni,
Dobi wa Kona

Tanbihi: Sijafunga bahasha, na wifi ameingia. Nilishika pasi nikaiweka katikati yetu, sikujua amekuja na lipi. Akacheka. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba ni maneno ya kutunga, eti mumewe hana harufu ya kuliliwa na mtu. Alikuwa anataka tu kulala wiki moja bila kukoromewa. Kisha akatoa kikaratasi kifuani, kumbe anatembea nacho, akakisoma tena. Akaniuliza: "Wifi, lile shati baadaye alilivaa nani?"

Nilitaka kumjibu kwamba hadithi imeisha. Badala yake nikajisikia namweleza lilivyoning'inia nyuma ya mlango, na kwa nini sikuweza kulitoa pale, na siku nilipoweza. Sijawahi kumwambia mtu. Nimesema mpaka pasi imepoa. Mwalimu na mkewe wamekaa pamoja kwenye benchi, begi la nguo zake liko mlangoni, na hakuna anayeondoka kabla sijamaliza.

Kwa hiyo ile fupi, tafadhali, usiichapishe. Nitengee ukurasa mzima, na wa Jumapili nyingine pia, na lile godoro walitoe. Ulisema kweli, Ndugu Mhariri, kurasa nyingine zilipotea njiani. Nimenunua bahasha imara.