Minyiri ya Ngisi, Kama Kawaida

Jumatatu, 10 Novemba

Tangu juzi sauti moja haijanitoka masikioni: kofi alilopiga Bwana Onuki, mpishi wa sushi hapa Tokyo, kwenye soko la samaki la Toyosu, kwa viganja vilivyolowa, kabla hajaumba kitonge cha wali cha kuwekea samaki mbichi. Pa! Mara moja tu. Kisha akamgeukia mzee aliyekaa kando yangu, akamuuliza: kama kawaida?

Nikaona wivu. Kazi yangu ni kusahihisha kamusi, peke yangu chumbani. Mtu pekee anayeniuliza kitu mjini hapa ni muuza duka, na huuliza kama nataka mfuko. Nataka Onuki naye aniulize: kama kawaida? Wiki hii hii.

Mpango: kuagiza kitu kisichoagizwa na mtu. Wote hula jodari. Nani atakumbuka sura ya mla jodari? Mimi nitakula minyiri ya ngisi, ile mikono yake mirefu. Sipendi ngisi. Hilo ni jambo dogo.

Jumanne, 11 Novemba

Foleni kabla ya alfajiri. Baridi. Yule mzee, anaitwa Usami, alikuwa wa kwanza, juu ya kigoda chake cha kukunja. Akaniuliza, vipi binti, umefukuzwa nyumbani? Foleni nzima ikacheka. Akanipa kifuko cha joto nitie mfukoni. Nilikipokea kwa chuki.

Ndani, minyiri mara tatu. Ni kama kutafuna kandambili. Usami alikula tumbo la jodari, pale paliponona kuliko pote, polepole, macho kayafumba. Makusudi.

Alhamisi, 13 Novemba

Jana soko lilifungwa. Taya zangu zilishukuru.

Leo nimevaa kofia nyekundu. Onuki akaniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kufika. Akanishauri, kwa upole wa kuua, nianze na jodari kama wageni wengine. Nikasema minyiri. Nikasema kwa sauti iliyomfanya mkewe amwage chai. Usami akaniambia, taratibu binti, huyo ngisi keshakufa.

Jumamosi, 15 Novemba

Amenitazama mimi. Mimi! Akasema: kama kawaida? Nikaitikia kwa kichwa. Machozi yakanitoka, nikasingizia wasabi, kile kiungo chao kikali.

Akaniletea sahani imejaa. Akasema minyiri yote ya leo ameniwekea mimi, na kuanzia sasa itakuwa hivyo, maana vijana wanaoithamini wamekwisha. Usami, nadhani kwa huruma, akanisogezea kipande chake cha tumbo la jodari. La waridi, linang'aa kwa mafuta. Nilishanyoosha mkono. Onuki akamzuia: acha bwana, huyu hagusi jodari.

Nikala minyiri. Iliyobaki nikafungiwa nije nayo nyumbani.

Jumatatu, 17 Novemba

Funzo limeniingia: nisijulikane kwa chakula nisichokipenda. Kumwambia Onuki ukweli siwezi. Nitarudi kuwa mgeni, tena mgeni mwongo. Basi asubuhi nimepanga foleni ya mgahawa wa jirani, nikala jodari mpaka nikaridhika.

Ningeishia hapo. Lakini nikamsikia mpishi, Bwana Kudo, akimwambia mteja kwamba kwao ni Aomori, kaskazini kabisa. Nikasema hata mimi.

Sijawahi kufika Aomori.

Kudo akaweka kisu chini. Akamwita mkewe, njoo umwone ndugu yetu. Akauliza, kijiji gani? Nikasema, karibu na bahari. Mama yake anakuja Jumamosi. Nimealikwa, tule pamoja na kuongea kwa lafudhi ya kwetu.

Nimeamua kwenda Aomori kujifunza lafudhi. Naandika haya ndani ya treni. Tokyo tumeshaiacha nyuma.