Ekzosi Yangu Hainyamazishwi

Jumatatu, 12 Mei 2025

Telesphor kapita mbele ya kibanda changu na Subaru yake. Mara tatu! Inanguruma mpaka simu ninazotengeneza zinacheza mezani. Mimi nina Altezza nyekundu, gari la mbio halisi, na inapita mtaani kwetu Makanyagio kimya kama inatoka msibani. Fedheha! Bi Mwanaiddi, mwenye duka la jirani, kanisifu. Eti gari langu lina adabu. Sikununua adabu mimi. Nilinunua mbio.

Na Jumamosi naenda kijijini Magamba kujitambulisha kwa Mzee Kashinje, baba yake Kabula. Kabula anauza dawa za mifugo karibu na stendi. Ananizidi akili, nimeshamsamehe. Kaniomba kitu kimoja tu: nifike taratibu. Baba yake hapendi makelele. Kuna mchumba alipiga honi pale nje ya boma akarudishwa kabla hajashuka. Mzee akikataa ndiyo basi, Kabula kasema wazi, hataolewa kwa kutoroka.

Sawa. Honi sitapiga.

Jumanne, 13 Mei

Kwa Athanasie, fundi wa kuchomelea. Mtu wa Mishamo, miwani nyeusi hata kivulini, maneno kama redio. Nimemuuliza kwa nini gari langu ni bubu. Akajilaza chini, akagonga lile dude la bati kule nyuma. Sailensa hiyo, akasema. Akanichorea vumbini. Ndani kuna vyumba. Kuna bomba lenye matundu, limezungushiwa nyuzi laini kama pamba. Moshi unatoka kwenye injini na mlio mkali. Mlio unaingia chumbani, unagonga ukuta, unarudi, unakutana na mwenzake anayekuja. Inauana! Kilichobaki kinamezwa na zile nyuzi. Kinachotoka nyuma ni maiti ya sauti.

Nimekasirika kweli. Mwaka mzima nabeba maiti! Nikasema kata. Akasema atakata, ila moshi nao unataka bomba lenye kipimo chake. Nikamjibu uhuru hauna kipimo, weka bomba nene, moja kwa moja.

Kaweka. Mlio huo! Kuku wa Bi Mwanaiddi wamepanda paani, na glasi mbili zimeanguka kwenye rafu yake. Kaja kuniambia kwamba ile adabu kumbe ilikuwa ya gari, siyo yangu. Sikumsikia vizuri.

Jumatano, 14 Mei

Gari halina nguvu. Kwenye kilima limepitwa na Telesphor. Sawa, ana Subaru. Halafu likapitwa na bodaboda iliyobeba mbuzi. Mbuzi alinitazama.

Na sauti yenyewe ni ya bati tupu. Telesphor kasimama kuniuliza kama siku hizi nauza madebe. Watu wamecheka. Cheka!

Athanasie anasema aliniambia. Bomba limezidi unene, moshi unazubaa njiani, injini inakosa nguvu ya kuondokea. Na mlio umekuwa wa bati kwa sababu hauna chumba cha kukaa ukakomaa. Bomba refu na chumba kikubwa ndivyo vinavyozaa sauti nzito. Akashauri turudishe sailensa ya zamani, ipo pale kwenye kona, nzima. Nimekataa. Nirudi nyuma mbele ya Telesphor? Nikauona mtungi mwekundu wa kuzimia moto, mtupu, umening'inia ukutani kwake. Nikasema hicho ndicho chumba changu. Athanasie akavua miwani. Kwa heshima, nadhani.

Alhamisi, 15 Mei

Ushindi! Mtungi umechomelewa, matundu yametobolewa, bomba jembamba kiasi, refu kama Athanasie alivyotaka. Gari limepata nguvu. Na sauti! Nzito, ya kifuani, inaanzia chini inapanda: mmmuuuuu. Telesphor kasikia. Kafunga kioo.

Nimempitishia Kabula dukani kwake. Katoka, kainamisha kichwa upande, kasikiliza. Akauliza kama mlio huu nimeutengeneza makusudi. Nikasema kwa akili zangu mwenyewe. Akasema anaujua huo mlio, akanisihi niliache gari barabarani Jumamosi, nitembee. Nikamwambia mwanaume haendi ukweni ananyata kama mwizi wa kuku. Akarudi ndani bila kuaga. Kazi ya mabomba siyo ya kila mtu.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nimekalia mto.

Tulitoka saa tatu asubuhi, mimi na mjomba Fabiani, aliyekuja kunisemea. Mjomba kashika sukari na vitenge mapajani. Njia nzima alikuwa ananiuliza nimesema nini. Sikuwa nimesema kitu.

Tumefika kwa Mzee Kashinje. Mzee kasimama mlangoni na fimbo yake, Kabula nyuma yake na gauni la kijani. Mzuri jamani! Nikapunguza mwendo kwa adabu zote. Mmmuuuuu.

Kutoka bomani kukajibiwa: mmmuuuuu.

Dume la ng'ombe. Jeusi, nundu kama gunia la mahindi. Likatoka nje ya uzio likikwangua ardhi. Kabula akapiga kelele nizime gari. Mjomba naye akanishika mkono nizime. Sasa nizime mbele ya mkwe, ionekane nimenyamazishwa na mnyama? Nikapiga resi.

Taa ya mbele kulia imekwenda. Bampa pia. Nikapiga resi tena, sirudi nyuma! Halafu nikarudi nyuma, kwa kasi, mpaka katikati ya maharage ya mama yake Kabula. Gari likazama kwenye tuta. Majike yote ya boma yamekuja kunizunguka, yananusa mtungi. Nilitokea dirishani, nikakalia kisiki.

Gari limevutwa na maksai wawili, injini imezimwa, kimya kabisa, hadi barabarani. Mzee Kashinje hakunipa mkono. Kamwambia mjomba kuwa hapa kwake dume ni moja. Mjomba hakusikia, kashukuru.

Jumatatu, 19 Mei

Kabula kaja kibandani. Hakukaa. Baba yake hajakataa! Jana mezani kalikumbuka lile dume, kacheka mpaka kikombe kikamponyoka. Kanipa Jumamosi moja ya mwisho. Nifike kwa miguu, nisalimie, nikae nilipoonyeshwa. Kabula kasema ananitaka mimi, lakini hatamkosea baba yake kwa ajili ya bomba. Macho yalimjaa machozi. Na mimi pia. Nampenda huyu binti, naandika bila aibu. Nimeahidi.

Kaondoka, nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Kosa lilikuwa wapi? Siyo kelele. Dume limesikia sauti nzito, likadhani kaja mwenzake. Kumbe tatizo ni uzito! Dawa ni bomba fupi, chumba kidogo, sauti kali na nyembamba. Athanasie anasema nitalia kama ndama aliyekamatwa na fisi, na ndama akilia hivyo majike yote hukimbilia na pembe zao. Huyu fundi anapenda kukatisha watu tamaa. Nimemwambia achomelee, iwe tayari Ijumaa.

Kabula kasema nikienda kwa miguu baba yake atanisikiliza. Atamsikilizaje mtu ambaye hajasikika?