Kompyuta Mbili, Namba Moja

Jumanne, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Ukuta wa chumba changu umeota ukungu mpya, umbo la kiatu. Mwezi wa saba tangu nipunguzwe kazi, wa sita tangu dada anihifadhi kwake. Nikasema nijiliwaze na mpira kwenye kompyuta. Wapi! Kila mchezaji akiinua mguu, picha inakwama, mguu unabaki hewani. Sebuleni, shemeji, mwalimu wa hesabu, anafundisha kwa kompyuta yake bila kukwama hata neno. Ruta, kile kisanduku cha mtandao, ni moja! Kwa nini yeye apate, mimi nikose?

Alipokwenda kuoga nikachungulia mipangilio yake. Ruta imempa namba ishirini na tano. Mimi imenipa arobaini na moja. Kumbe ndiyo siri! Mimi nimewekwa nyuma ya foleni. Nikajiandikia ishirini na tano kwa mkono wangu. Hakuinunua.

Jumatano, 5 Machi

Ujumbe kwenye kioo: kompyuta nyingine inatumia anwani hii hii. Nikaufunga. Ukarudi. Nikaufunga tena.

Shemeji amekatika mara tatu akifundisha, wanafunzi wakaachwa katikati ya hesabu za sehemu. Akauliza kama kuna mtu amegusa kitu. Nikasema ni mvua. Akanitazama kama jibu la mwanafunzi mvivu. Lakini mpira ulicheza dakika tisa mfululizo! Tisa!

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Sijui niandike au nisiandike.

Mpwa wangu, binti pekee wa dada, alikubali kupiga simu ya video. Miaka miwili hawajasemezana, tangu dada amwambie kwamba yule mumewe si mtu wa kuletwa nyumbani. Sasa kuna mtoto wa miezi minne ambaye bibi yake hajawahi kumwona. Dada akafunika cherehani, akavaa blauzi ya kutokea, akaketi mbele ya kompyuta ya shemeji nusu saa kabla ya wakati. Mimi nilikuwa chumbani. Mechi ya marudiano. Naapa nilisahau.

Nilimsikia akisema, “Mwanangu, yale niliyosema siku ile...” Kisha kimya. Kisha, “Haloo? Haloo, mwanangu?”

Nikatoka. Kwenye kioo kulikuwa na utosi wa mtoto, umeganda. Baadaye ukaja ujumbe kwenye simu ya dada: mama, kama hukuwa tayari ungesema tu, si kunikatia. Akausoma mara mbili, akarudi kwenye cherehani. Nilisikiliza mlangoni. Cherehani haikulia.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaleta fundi wa mitandao, mwanamke mpole mwenye mkoba mzito ambao hakuufungua hata zipu. Dakika nne zikamtosha. Akaeleza kwamba ruta ndiyo hugawa namba, kila kompyuta na yake, kama nyumba za mtaani. Nyumba mbili zikiwa na namba moja, mleta barua hajui abishe hodi wapi. Akasema namba ya kompyuta yangu imeandikwa kwa mkono. Akairudisha ruta igawe yenyewe. “Kaka,” akaniambia, “namba ziache tu.”

Shemeji hakunitazama. Dada ndiye aliyenitazama. Afadhali angenitukana.

Nikajikaza, nikampigia mpwa. Nikamwapia kwamba mama yake hakukata, mtandao ndio uliokata. Kwa kosa la nani, sikutaja. Akasema sawa, mjomba, Jumapili saa kumi jioni, mara ya mwisho.

Jumapili, 9 Machi

Leo sitaki mchezo. Eti ruta igawe namba ovyo ovyo! Simu nzito kama hii inataka namba ya heshima. Asubuhi, wenyewe wakiwa nje, nikafungua kompyuta ya shemeji nikaiandikia namba moja, ya kwanza kabisa. Nilikagua kwanza, maana sasa nina uzoefu: yangu haina namba hiyo. Tena chini ya ruta kuna kibandiko, kinasema namba moja ni ya ruta yenyewe. Vizuri zaidi! Ruta si kompyuta, hawawezi kugombana.

Saa kumi. Dada ameketi, blauzi ile ile, mikono mapajani.

Saa kumi na nusu. Shemeji analalamika kwamba hakuna mtandao nyumba nzima, hata simu yake haishiki. Nikamwambia awe na subira, asimtie mkewe wasiwasi.

Saa kumi na moja dada akauliza, kwa sauti ndogo, kama huenda mtoto amelala. Nikamshika bega. Nikamwambia ukweli: mtandao ni mzima, taa zote za ruta zinawaka, nimeukagua mwenyewe tangu asubuhi. Binti ameghairi, basi.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Ameniamini.