Anayeuza Huandika Kwanza

Muungwana alikuwa dukani kwa fundi wa kalamu, akisubiri kalamu yake ya wino ikazwe kifuniko, alipomwona Wakili akibusu chupa tupu.

Watu walimwita Muungwana kwa sababu alikuwa akiomba radhi kabla ya kukuibia. Hakuwa mtu mbaya, ukiondoa saa za kazi.

"Kiwanda cha wino huu kilifungwa kabla sijazaliwa," Wakili alimwambia fundi. "Shemeji, nikipata chupa moja iliyojaa, hata nikifa leo sina kinyongo."

"Utaandikia nini?" fundi aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa mama wa makamo, dada wa mke wa Wakili, mwenye miwani mbili: moja puani, moja kichwani.

"Kuandikia? Vitu kama hivi haviandikiwi, shemeji. Vinawekwa kabatini, vinatazamwa."

Muungwana alihisi moyo wake ukipiga makofi. Mtu anayenunua wino ili asiufungue! Kuna matapeli wamezeeka katika kazi bila kukutana na baraka ya namna hiyo.

Kwa siku nne alifanya kazi kwa bidii ambayo, kama angeielekeza kwingine, ingemfikisha mbali. Alinunua chupa nane kuukuu kwa muuza vyuma chakavu. Akachanganya masizi ya sufuria, gundi na chai kali. Lebo alizichora mwenyewe, akazichovya katika chai hiyohiyo, akazianika dirishani. Alipofungua chupa ya kwanza na kunusa, aliridhika. Ilinuka uzee.

Jumamosi asubuhi, wapenzi wa kalamu za kale walikutana kama kawaida katika chumba cha nyuma ya duka la fundi: mwalimu mstaafu, mkunga, na Wakili. Kazi yao ilikuwa kuandika sentensi moja kwa kalamu kumi tofauti, kisha kushusha pumzi. Muungwana alibisha hodi, mkoba kifuani.

"Samahanini sana, wakubwa zangu. Mjomba wangu alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha wino. Juzi tumemzika, tukakuta hizi chini ya kitanda."

Mjomba huyo alikuwa ameshazikwa mara nne mwaka ule.

"Nachukua zote," alisema Wakili, hata kabla chupa ya tatu haijatua mezani.

"Zote?" mkunga alimkatiza. "Sisi tulambe lebo?"

"Taratibu," alisema fundi. "Hapa kwetu anayeuza wino huandika kwanza, tena kwa kalamu yake."

Tabasamu la Muungwana lilibaki pale pale, ila mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Kalamu yake ilikuwa kitu pekee alichowahi kukinunua kihalali. Ncha yake ya dhahabu ilikuwa imelika upande mmoja kwa miaka kumi na mitano ya mkono wake, kwa hiyo mtu mwingine akiishika ilikwaruza karatasi kama kuku. Kwa kalamu ile alikuwa ameghushi sahihi za watu wengi, na hakuna hata moja aliyoiandika bila mapenzi. Alijua vizuri masizi na gundi vingeifanya nini kooni.

"Kalamu yangu ina wino mwingine," alisema.

"Sinki lile pale."

"Labda mzee wangu angeniazima yake..."

Mwalimu mstaafu alimtazama kwa huruma. "Kijana, na mswaki huwa unaazima?"

Wakili alikuwa ameshatoa bahasha, nene kama mkate. Muungwana aliitazama bahasha, akaitazama kalamu. Tamaa ilishinda kwa kura chache. Akaisuuza kalamu, akavuta wino. Mstari wa kwanza ulitoka mzuri, wa pili ukatoka mzuri zaidi. Katika wa tatu kalamu ilikohoa, ikatema doa, ikanyamaza.

"Uzee," alisema Muungwana kwa sauti ya msibani. "Wino wa kweli una kiburi."

"Hata kutoka hautaki!" Wakili alifumba macho kwa raha, akamkabidhi bahasha.

Mtu mwenye akili timamu angeondoka na basi la saa sita. Muungwana hata tiketi alikata. Lakini pale kituoni aliitikisa kalamu, akaifyonza, akaitia maji ya moto, wapi. Akajaribu kuandika kwa biro, akajiona kama amevaa kiatu cha mtu mwingine. Basi likaondoka. Yeye akarudi kwa fundi.

"Niachie siku tatu," alisema fundi, wala hakuuliza kitu.

Siku ya tatu kalamu ilikuwa imelala juu ya kitambaa cheupe, imejazwa wino wa bluu. Fundi alimsogezea karatasi.

"Ijaribu."

Ncha iliteleza kama zamani. Mtu aliyerudishiwa mtoto wake hafikirii. Mkono wa Muungwana uliandika ulichokizoea tangu shule: jina lake, la baba yake na la babu yake, yale ya kweli, ambayo hakuna duka lililowahi kuyasikia. Akayapigia na mstari chini.

Fundi aliivuta karatasi, akaipuliza ikauke.

"Mwandiko mzuri. Kooni mwa kalamu nimetoa masizi, gundi na kipande cha jani la chai. Nimevihifadhi."

"Mama..."

"Sijasema kitu, mwanangu. Ila shemeji yangu ni wakili, na mawakili wanapenda majina kamili."

"Samahani, mama yangu. Unataka nini?"

"Bahasha. Nami nikupe karatasi yako."

Muungwana aliitoa bahasha polepole, akaipokea karatasi, akaitia mdomoni na kuitafuna.

"Na gharama ya ufundi?"

"Umeshalipa."

Alitoka akiipapasa kalamu mfukoni, na kwa mtu aliyetapeliwa alikuwa na uso mtulivu sana.

Fundi alikuwa mtu wa kweli. Siku hiyo hiyo alifunga duka mapema, akaenda kwa shemeji yake na bahasha mkobani. Alimkuta mbele ya kabati la kioo, anazipangusa chupa nane kwa leso. Mkewe alisema mumewe hajafurahi hivyo tangu harusi.

"Shemeji, wewe ni mtaalamu," alisema Wakili. "Niambie ukweli."

Ukweli ulimfika fundi hadi mdomoni. Lakini kurudisha bahasha kungemlazimu kueleza, na kueleza kungemvunja ndugu moyo, jambo ambalo hakulelewa kulifanya.

"Wino kama huu sijapata kuuona, shemeji," alisema, akaufunga vizuri mkoba wake. "Ila usije ukaufungua."