Marehemu Atacheza na Bibi Harusi

Jumatatu, 4 Mei
Mama Mhariri katangaza leo: redio yetu imenunua programu mpya ya kuandikia matangazo. Kila mtu ahamie huko kabla ya wiki kwisha. Mimi sihami. Kihariri changu, programu ya zamani ninayoandikia, nina miaka kumi na mmoja nacho. Nimekifundisha mwenyewe, amri moja moja. Nikiwa hapa sebuleni kinafungua faili iliyo kwenye seva, kompyuta kuu ya studio, upande wa pili wa mji, utadhani iko mapajani mwangu. Fundi mitambo, tunayemwita Waya, kasema mbele ya watu kwamba kipelekwe makumbusho. Tutaonana.

Jumanne, 5 Mei
Nimeondoa ule mstari wa juu unaoonyesha kama faili ni ya kwangu au ya studio. Unachafua skrini. Mtu mzima anajua vitu vyake viko wapi.

Jumatano, 6 Mei
Mpango umeiva. Waya anajisifu kwamba programu yake inaandaa tangazo kwa dakika mbili. Mimi nitabonyeza kitufe kimoja, tangazo la harusi ligeuke la msiba bila kuandika upya. Kwa sasa amri yangu inajua kubadili neno moja tu, "bwana harusi" liwe "marehemu". Mengine nitaongeza. Nimeijaribu kwenye nakala ya tangazo la shemeji, mdogo wake mke wangu, anayeoa Jumamosi. Ikafanya kazi. Nikahifadhi. Nikaenda kuoga nikipiga mluzi.

Alhamisi, 7 Mei
Haikuwa nakala. Ilikuwa faili yenyewe, ya studio.
Saa moja asubuhi Asali, mtangazaji wetu, ambaye husoma chochote kilicho mbele yake kwa sauti ileile tamu, amesoma hewani kwamba marehemu atawasili ukumbini saa nane akiwa na suti nyeupe, na atafungua muziki kwa kucheza na bibi harusi. Mama mkwe alikuwa anakunja vitambaa vya meza. Akakaa chini, akashindwa kuinuka. Majirani wakaanza kuleta viti.
Shemeji alikuwa kwa kinyozi, kichwa nusu. Kanipigia.
"Shemeji, mimi nimekufa lini?"
Nikamwambia ni hitilafu ya mitambo. Akasema amekimbilia nyumbani hivyo hivyo, na mama yake amemshika mkono, hataki kuuachia. Hapo moyo uliniuma. Kidogo. Mke wangu hasemi nami. Mama Mhariri kasema nisahihishe, na kosa lingine sina kazi.

Ijumaa, 8 Mei
Nimesahihisha kwa sekunde moja. Amri ileile, kinyumenyume. Kila "marehemu" akawa "bwana harusi", faili nzima. Sikukumbuka kwamba chini, kwenye faili hiyohiyo, kulikuwa na tangazo la mwalimu mstaafu aliyefariki kweli. Asali alifika kwenye "bwana harusi atazikwa saa kumi", akakohoa, akaweka muziki.
Nimetumwa kwa mjane kuomba radhi. Nimesimama mlangoni, nikajieleza. Mama wa watu kacheka mpaka akafuta machozi. Kasema mzee wake angefurahi kuwa bwana harusi tena, na kwamba tangu Jumatatu hajacheka. Nimeihesabu hiyo kuwa kura ya kihariri changu.
Mama Mhariri hakuihesabu. Jumatatu nije na kinga ya kuzuia makosa, au nije kuchukua vitu vyangu.

Jumamosi, 9 Mei
Harusini nimewekwa nyuma kabisa, ubavuni mwa spika. Shemeji amecheza vizuri kwa mtu aliyekufa. Nilimwambia hivyo. Hakucheka.

Jumapili, 10 Mei
Kinga tayari. Kila nikitaka kuhifadhi faili ya studio, kihariri kinaniuliza kama nina hakika. Waya hana kitu kama hicho. Kimeniuliza mara kumi na nne kabla ya chai. Usumbufu mtupu. Nimeandika amri ya pili, inayojibu ndiyo kwa niaba yangu. Sasa kinauliza, kinajijibu, kinahifadhi, wala sihisi kitu.